Siku Duncraig Ilipompima Daktari

Jumatatu ya pili ya Januari, saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa kanisa la Duncraig ulikuwa na viti sitini vilivyopangwa kwa mistari, na watu watatu tu, na wote watatu walikuwa kazini. Daktari Ionie Tulloch alikaa mezani na daftari lake. Nesi Hyacinth Parchment alikuwa amezichaji mashine zote tatu za presha na kukunja mikanda yake vizuri. Dereva alisimama mlangoni akichungulia barabara inayoteremka katikati ya mashamba ya viazi vikuu.

"Wanakuja?" Ionie aliuliza.

"Nimeona mbuzi," dereva akajibu.

Kwa miaka kumi na tisa, wiki hii ya Januari ilikuwa kama sikukuu Duncraig. Foleni ilianza kabla ya jua, akina mama wakiwa na vitambaa vyao vya kanisani kichwani, wanaume wakitaniana nani presha yake imepanda kwa ajili ya mke na nani kwa ajili ya mpira. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini, tena wa mwisho. Kati ya watu mia nne na kumi na wawili waliopimwa mwaka ule wa kwanza, mia tatu na kumi na wanane walikuwa bado hai na karibu. Ionie alihitaji kuwapima mia mbili na sitini kabla ya Jumamosi jioni. Wakipungua hapo, wafadhili wangeuhesabu utafiti kuwa haukukamilika, na miaka ishirini ya maisha yake ingelala kwenye kabati la chuo pamoja na makabrasha mengine.

Saa tatu na robo akaingia Mzee Ferdie, shemasi wa kanisa na bingwa wa dhumna wa kijiji. Ionie aliinuka haraka hata kiti kikadondoka.

"Mzee Ferdie! Karibu, karibu. Kaa hapa, Hyacinth atakupima sasa hivi."

"Sikuja kukaa." Mzee alipita moja kwa moja hadi kwenye kabati la pembeni. "Nimefuata dhumna zangu. Tumehamia dukani wiki hii."

"Basi dakika tano tu. Mkono tu."

Mzee Ferdie aliificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, na sanduku la dhumna likagongana huko huko. "Mkono nimeuacha nyumbani."

Nesi Hyacinth alishindwa kujizuia, akacheka. Ionie hakucheka.

"Mzee, kuna nini? Mbona watu hawaji?"

Mzee Ferdie alivua kofia. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alikifungua mezani taratibu, akakilaza kwa kiganja. Kichwa cha habari kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kama tangazo la mazishi: KIJIJI KINACHOJIUA KWA CHUMVI. Chini yake palikuwa na picha ya mwanamke mzee jikoni, anacheka hadi fizi zinaonekana, ameshika sahani iliyojaa ng'onda ya chumvi na aki, tunda la kisiwani linalopikwa kama mboga.

Mwanamke huyo alikuwa Bi Etheline Tulloch, mama yake Ionie.

"Sikuandika mimi hiki," Ionie alisema.

"Hukuandika. Lakini picha aliipiga nani?"

Ionie alikigeuza kipande kile kifudifudi mezani. Picha ile aliipiga mwenyewe kwa simu yake, Krismasi ya mwaka juzi. Alikuwa ameionyesha kwenye mkutano wa madaktari Kingston mwezi wa kumi na moja, ukumbi mzima ukacheka kwa furaha, akaona mazungumzo yamepata ladha. Hakujua kwamba mwandishi wa habari alikuwa amekaa safu ya tatu.

"Kamuulize mama yako kama mikono ipo," Mzee Ferdie alisema, akaivaa kofia yake na kutoka na dhumna zake.

*

Bi Etheline alikuwa jikoni anachemsha samaki kwenye tui la nazi. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mwembamba, na macho yaliyoona kila kinachopita barabarani. Delrose, mdogo wake Ionie, aliyebaki nyumbani na mama siku zote, alikuwa anamenya ndizi mbichi. Alipomwona dada yake mlangoni akajisogeza pembeni na kisu chake, apate nafasi nzuri ya kutazama.

"Mama, habari za asubuhi."

"Nzuri, Daktari."

Hapo Ionie akajua mambo ni mabaya. Mama yake alikuwa hajawahi kumwita Daktari.

"Nimeliona gazeti."

"Umeliona leo?" Bi Etheline alikoroga sufuria. "Sisi tumeliona tangu Krismasi. Icilda wa hapa jirani alipeleka viazi vikuu sokoni Christiana, mtu mmoja akamwambia, eti, nipe visivyo na chumvi, si mnatoka Duncraig? Soko zima likacheka. Kwaya ya kijiji cha Albion wamekuja kuimba hapa, tukawapikia tangu alfajiri, wakakaa na sahani mapajani hawali. Wanakunywa maji tu! Mchungaji wao anasema wamefunga. Delrose, walikuwa wamefunga wale?"

"Niliwaona kwenye basi wanakula keki," Delrose alisema.

"Na mimi," Bi Etheline aliendelea, "mimi Etheline, kila mtu kisiwani ameziona fizi zangu."

"Mama, naomba unielewe. Nilikuwa naonyesha jinsi chakula chetu—"

"Ng'onda ile nilipika kwa ajili yako."

Bi Etheline aligeuka sasa, mwiko mkononi.

"Mimi sili ng'onda tangu mwaka uliponiambia niache. Miaka kumi na saba! Siku ile ulikuja kutoka Kingston umechoka, umekonda, ukasema, mama, ninatamani aki na ng'onda kama zamani. Nikainunua kwa ajili yako. Nikailoweka maji mara tatu. Ukala sahani mbili. Ukanipiga picha nikiwa nimekushikia sahani yako. Halafu ukaenda kuwaambia watu ndicho ninachojiulia."

Ionie alikaa kwenye kigoda. Alikuwa na miaka hamsini na sita, profesa, anaalikwa kuzungumza hadi São Paulo na Havana, na hapa alikuwa mtoto anayekaripiwa.

"Ulimwomba nani ruhusa?" mama yake aliuliza.

"Hawa wengine wote huwa nawaomba. Wanasaini karatasi. Wewe nilifikiri... wewe ni mama yangu."

"Basi mimi ungeniomba mara mbili."

Delrose alimenya ndizi moja yote bila kuitazama.

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi nimewaambia watu wasije, na wamenisikia. Siwezi kuwaambia waje kwa sababu tu mwanangu amekaa kwenye kigoda ameinamisha kichwa. Kesho wakitoka mashamba, saa kumi, uwe ukumbini. Useme mbele yao. Si kwa Kiingereza cha chuo. Useme kama mtu."

Akapakua chakula. Alimpa Ionie sahani ya kwanza, iliyojaa zaidi, kwa sababu hasira ilikuwa jambo moja na njaa ya mtoto jambo jingine.

*

Kilichomleta Ionie kwenye kazi hii kilikuwa baba yake. Vassell Tulloch alianguka katikati ya shamba lake akiwa na miaka hamsini na mmoja, upande wa kulia ukafa palepale, na baada ya siku nne akafa mwenyewe. Ionie alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Alipouliza walimu wake kwa nini watu wa kwao wanaanguka hivi, mmoja alimjibu bila hata kuinua macho kwamba presha ya watu weusi imo ndani ya damu, wamezaliwa nayo, hakuna la kufanya. Ionie alilisikia jibu hilo, akalichukia tangu siku hiyo. Alipopata shahada yake ya pili alikataa kazi ya hospitali ya kulipia, akaomba fedha kidogo za utafiti, akaja Duncraig na mashine mbili na Hyacinth, nesi aliyekuwa ndio kwanza amemaliza masomo. Ionie aliolewa, akaachika, kisa, kama alivyosema mumewe, kila Januari ni ya Duncraig na kila Februari ni ya kuandika habari za Duncraig.

Kwa hiyo Jumanne saa kumi alasiri, aliposimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, waliokaa na waliosimama, wenye udongo mwekundu kwenye viatu, aliogopa kuliko siku aliyotetea shahada yake.

"Nimewakosea," alianza. "Nimechukua picha ya mama yangu bila kumwomba, nikaenda kuchekesha watu nayo. Gazeti limeandika uongo, lakini mlango niliufungua mimi. Presha hapa imeshuka kuliko vijiji vyote vya jirani, na nilijua, nikaonyesha sahani badala ya kuonyesha hilo. Naomba radhi. Bi Icilda, naomba radhi kwa ya sokoni."

"Nilirudi na viazi vyangu vyote," Bi Icilda alisema kutoka nyuma. "Mgongo ukaniuma siku tatu."

"Naomba radhi kwa mgongo pia."

Watu wawili watatu walicheka. Mzee Ferdie akainua mkono. "Na kesho kutwa ukiandika tena? Tutajuaje?"

"Hakuna neno wala picha itakayotoka Duncraig kabla haijasomwa hapa ukumbini. Naandika na kusaini. Nesi Hyacinth shahidi."

Minong'ono ilipita mstari hadi mstari. Ilionekana kama mambo yangeishia hapo. Lakini Bi Etheline, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani, akasimama.

"Mimi nina swali. Miaka ishirini unatufunga mikono. Unatuuliza tumekula nini, tumelala vipi, tumegombana na nani. Wewe nani anakufunga mkono?"

"Mama, mimi siyo mshiriki wa utafiti."

"Sikuuliza hivyo. Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Ionie alimtazama Hyacinth. Hyacinth alikuwa ameona kitu cha muhimu sana sakafuni.

"Miaka minne," Ionie alisema. "Mitano, pengine. Kazi imekuwa nyingi."

"Eeeh!" ukumbi mzima uliguna kwa pamoja.

"Bi Icilda akikuambia hivyo ungemwambiaje?" mama yake aliuliza.

Bi Icilda alijibu kabla ya Ionie. "Ameshaniambia! Mwaka juzi! Alinisema hadi nikalia!"

"Mpimeni," sauti ya kiume ilisema, na papo hapo ikawa sauti ya ukumbi mzima. "Mpimeni! Mpimeni!"

Hyacinth alivuta kiti. Alikuwa amengoja nafasi hii kwa miaka minne, na uso wake haukuficha. Ionie akakaa, akakunja mkono wa shati. Alitaka kusema jambo la kuchekesha.

"Usiongee!" Mzee Ferdie alifoka. "Dakika tano kimya kabla ya kupima. Si ndiyo sheria yako?"

"Miguu usiipishanishe," mwanamke mmoja akaongeza.

"Mgongo uegemee kiti."

"Mkono uwe usawa wa moyo. Hyacinth, mwekee kitabu chini ya kiwiko!"

"Amekunywa kahawa? Muulizeni kama amekunywa kahawa!"

"Asijibu! Haruhusiwi kuongea!"

Basi Ionie Tulloch alikaa, miguu imenyooka, mgongo umeegemea kiti, kiwiko juu ya kitabu cha nyimbo, na watu zaidi ya mia mbili wakamtazama kimya kwa dakika tano kamili. Aliwasikia wakipumua. Kwa miaka ishirini alikuwa amewakalisha hivi, na hakuwahi kujua kwamba dakika tano ni ndefu namna hii, wala kwamba mtu akiwa kwenye kiti hicho huanza kuwaza watu wote anaowapenda.

Mashine ilivuma, mkanda ukabana, ukaachia. Hyacinth aliitazama namba. Tabasamu lake likaondoka.

"Soma," Bi Etheline alisema. "Sisi huwa tunasomewa."

"Juu, mia na themanini na mbili. Chini, mia na nane."

Hakuna aliyeguna safari hii. Duncraig ilizijua namba. Hakuna nyumba isiyojua maana ya mia na themanini.

"Mara ya pili," Hyacinth alisema kwa sauti ndogo. Mia na sabini na tisa. Mara ya tatu, mia na sabini na nane, chini mia na sita.

Ionie alibaki ameutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Uso ulimwaka kwa aibu. Daktari wa presha! Angewaambia nini watu hawa tena? Ndipo Mzee Ferdie akasogea mbele, akainama kama Ionie alivyozoea kuwainamia wagonjwa, akamwuliza kwa sauti ya upole mno, ile sauti ya daktari:

"Mpendwa, chumvi unatumiaje?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, Bi Icilda akaushika mgongo wake akilia "jamani, jamani", dereva akatoka nje kujifuta machozi. Ionie mwenyewe alianza kwa kutetemeka midomo, na mwisho akacheka kuliko wote, mkanda bado mkononi, machozi yanamtoka.

Bi Etheline peke yake hakucheka. Alikuwa amemfikia mwanawe, amemfungua mkanda, anausugua mkono ule ule pale ulipobanwa. Ionie alipomtazama, aliona kwamba mama yake haoni ukumbi. Anaona shamba, na mtu aliyelala katikati ya mashina ya viazi vikuu.

"Mama, niko sawa."

"Hauko sawa. Una miaka hamsini na sita. Yule alikuwa na hamsini na mmoja." Akamshusha mkono wa shati. "Kesho alfajiri nakupeleka kliniki. Mimi mwenyewe. Tukirudi, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye kile kiti." Akawageukia watu. "Na ninyi mtanifuata, au mtaniambia kwa nini."

*

Kliniki ilikuwa mji wa chini, mwendo wa nusu saa kwa gari. Bi Etheline alikataa kupita mlango wa nyuma uliopendekezwa na dereva. Wakakaa kwenye foleni kama watu wote, namba kumi na moja. Karani alipouliza nani mgonjwa, Bi Etheline akamwonyesha Ionie kwa kidole.

"Ni mwanangu huyu. Ana presha, lakini alikuwa anaikwepa."

"Wengi wako hivyo, mama," karani alisema kwa huruma, akamgeukia Ionie. "Dada, usiogope. Presha inatibika. Chukua kijitabu hiki ukasome."

Ionie alikipokea. Alikuwa amekiandika mwenyewe.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, na alipoona nani ameingia, kalamu ilimdondoka. Ionie alikuwa amemfundisha mwaka wa nne, na kumrudishia insha yake mara mbili.

"Profesa... kuna ukaguzi?"

"Hakuna ukaguzi," Bi Etheline alisema akikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Mtibu. Tena mtibu vizuri, asikutishe."

Kijana alimpima, akasikiliza moyo, akachukua damu, akauliza maswali yote bila kuruka hata moja. Alipofika kwenye mazoezi na usingizi alikuwa ameshapata ujasiri. "Profesa, masaa manne ya usingizi hayatoshi. Hilo ulitufundisha wewe."

"Umemsikia?" mama yake alisema. Akamgeukia kijana. "Baba, umelelewa vizuri."

Kidonge cha kwanza Ionie alikimeza palepale dirishani, mama yake amemshikia kikombe cha maji na kuhakikisha koo limepanda na kushuka.

Waliporudi Duncraig saa nne foleni ilikuwa imetoka ukumbini, ikapita kaburi la mchungaji wa zamani hadi kwenye mti wa shelisheli barabarani. Bi Etheline aliipita yote, kichwa juu, akaketi. Mia na ishirini na nane kwa sabini na sita. Watu walipiga makofi. Ionie akaanza kumsomea maswali ya kila mwaka, chakula, usingizi, dawa, na alipofika mwisho mama yake hakuinuka.

"Swali moja hujauliza."

"Lipi?"

"Nani huniuliza kama nimemeza. Dawa unatupa ndiyo, lakini ndani ya nyumba nani anauliza? Mimi Delrose ananiuliza kila asubuhi kabla hata ya salamu. Icilda namuuliza mimi, napiga kelele uani, naye anamuuliza Ferdie, maana mke wa Ferdie alikwishafariki. Wewe Kingston huko nani alikuwa anakuuliza?"

Ionie aliiweka kalamu chini. Miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kwamba presha ya Duncraig inashuka kwa sababu ya dawa na vijitabu. Vijiji vya jirani navyo vilikuwa na dawa zile zile na vijitabu vile vile, na yao haikushuka. Alikuwa ametafuta sababu kwenye chumvi, kwenye maji, kwenye mwinuko wa milima. Alinyanyuka, akaenda nje na simu, akabishana na mwenyekiti wa kamati ya utafiti kwa dakika arobaini akizunguka gari.

"Huwezi kuongeza swali mwaka wa ishirini!" mwenyekiti alisema.

"Mwaka wa ishirini na moja hakuna."

"Limetoka wapi swali lenyewe?"

"Limetoka kwa mtaalamu aliyeishi na jambo hili miaka sabini na tisa."

Saa nane mchana ruhusa ilikuja. Tangu saa hiyo kila aliyeketi aliulizwa: nani hukuuliza kama umemeza dawa?

Siku nne zile hazikuwa na utulivu hata kidogo. Wanawake walipika chai ya majani ya shelisheli kwenye sufuria kubwa nje, wakampa Ionie kikombe kila alipopita, na aliposema kwamba kitaalamu hana hakika na chai hiyo, wakamwambia anywe tu, hakika itamkuta njiani. Mzee Ferdie aliulizwa swali jipya, akajibu "Icilda", halafu akaona haya kama mvulana, na Hyacinth akaliandika jina hilo kwa uangalifu mkubwa. Mtu mmoja alikuja kutoka Montego Bay kwa ajili ya dakika kumi tu. Mzee wa miaka tisini na mbili aliletwa na wajukuu wanne juu ya kiti, akadai apimwe mikono yote miwili kwa kuwa ametoka mbali. Delrose alizunguka na karatasi akipanga zamu: Jumatatu nani atampigia Ionie simu Kingston saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne nani, hadi Jumapili. Zamu zilijaa kabla hajafika nusu ya ukumbi.

Jumamosi jioni Hyacinth alijumlisha mara mbili. Mia mbili na tisini na saba.

*

Mwezi wa saba Ionie na Hyacinth walirudi Duncraig. Matokeo yalikuwa tayari, na hakuna daktari wala mwandishi wa habari aliyekuwa ameyaona. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ionie alikuwa amenenepa kidogo, analala masaa saba kila usiku, na presha yake ya asubuhi ile ilikuwa mia na thelathini na mbili, jambo lililotangazwa mlangoni kabla hajashuka garini.

Aliwasomea polepole. Miaka mitano ya kwanza, watu thelathini na wanne wa Duncraig walipata kiharusi. Miaka mitano ya mwisho, tisa. Na waliofuatiliwa walikuwa watu wale wale, tena wamezeeka.

"Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa tatizo ni damu yetu," alisema. "Damu ni ile ile ya mababu zetu. Haina kosa lolote."

Halafu akafungua ukurasa wa swali jipya. Katika watu wenye presha ambao kuna mtu huwauliza kila siku kama wamemeza, wanane kati ya kumi presha yao ilikuwa imetulia. Wasioulizwa na mtu, watatu kati ya kumi.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Watu walikuwa wanatazamana, jirani na jirani, kana kwamba wameambiwa kitu kuhusu nyumba zao walichokuwa wanakiona kila siku.

"Kwa hiyo," Bi Icilda alisema taratibu, "makelele yangu ni dawa?"

"Ni dawa, Bi Icilda. Nina namba."

"Umesikia, Ferdie?"

"Nimesikia," Mzee Ferdie alijibu. "Wote wamekusikia, hadi Albion."

Hapo ndipo makofi yalipokuja, na mtu akaanza wimbo, na Ionie akangoja hadi beti zote zikaisha. Alisoma andiko zima, ukurasa kwa ukurasa, na watu wakamfuta maneno sita na kumwongezea mawili. Kwenye orodha ya waandishi, baada ya jina lake na la Hyacinth, palikuwa na jina la tatu: Etheline Tulloch, Duncraig. Bi Etheline aliomba lisomwe tena, kwa kuwa, alisema, masikio yana nta.

"Kuna jambo la mwisho," Ionie alisema. "Wafadhili wameliona swali letu wakataka kujua zaidi. Wako tayari kutoa miaka mingine kumi. Lakini safari hii naomba kwanza. Anayetaka asaini, asiyetaka hakuna lawama."

Alimpelekea mama yake karatasi ya kwanza. Akapiga goti moja sakafuni karibu na kiti chake, akamwomba. Kisha akamwomba mara ya pili.

Bi Etheline alivaa miwani. "Miaka kumi ikiisha nitakuwa na mingapi?"

"Themanini na tisa, mama."

"Lete kalamu."

Alisoma karatasi yote, kidole kikifuata mistari, ukumbi ukimsubiri. Karibu na mwisho kidole kilisimama. Akachukua kalamu, akakata mstari mmoja kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, ndipo akasaini.

"Mama! Umefuta nini?"

"Hapa wameandika eti mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote."

"Hiyo ni sheria, mama. Huwezi kuifuta. Lazima iwepo."

"Basi iandike tena, nitasaini tena," Bi Etheline alisema, akimrudishia kalamu. "Lakini sijitoi."

Nyuma yake watu walikuwa wameshapanga foleni.